Nyuki mmoja shingoni: dereva wa basi la shule aliyegeukwa na mwili wake mbele ya watoto

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla hajagusa usukani, dereva wa basi la shule anaanza kazi kwa kukung'uta mapazia. Anakung'uta moja, anatulia kusikiliza, kisha anakung'uta la pili. Anapiga magoti kati ya viti, tochi ya simu mkononi, na kumulika chini ya kila kiti mpaka cha mwisho.

"Zamani nilikuwa nakagua mafuta, maji na upepo," anasema akijipangusa vumbi magotini. "Siku hizi nakagua hata nyuki."

Ana umri wa miaka hamsini na sita, ana kitambi kidogo na sauti nzito. Watoto humwita Babu Honi, kwa sababu akifika kituoni hupiga honi mara tatu taratibu, kama mtu anayebisha hodi, nao hupiga kelele za "Karibu!" wakitoka majumbani mwao na vikoba mgongoni.

Kiunoni amefunga mkoba wa turubai. Ndani yake mna sindano mbili zilizotengenezwa kama kalamu nene, zenye dawa iitwayo adrenalini. Kila mtoto anayepanda basi hili anajua mkoba ule ni wa nini. Anajua pia kwamba hauguswi kwa mzaha.

"Wameshauona mzaha ulipotufikisha," anasema mwanamke anayesimamia watoto ndani ya basi, ambaye wote humwita Shangazi. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema. Sisi tuliuona usaha kwa macho."

Anachokizungumzia kilitokea asubuhi moja yenye jua, kwenye kituo cha mwisho kabla ya shule. Mtoto wa mwisho kupanda huwa ni binti wa mshonaji, msichana wa miaka sita anayekaa kiti cha mbele nyuma ya dereva. Siku hiyo alikuja na ua la njano alilolichuma kwenye kichaka cha mlangoni kwao.

"Babu, nimekuletea," akamwambia.

Babu Honi akalipokea kwa mikono miwili, akalichomeka nyuma ya sikio, akajitazama kwenye kioo kama bi harusi. Basi zima likaangua kicheko. Mtoto mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Babu anaolewa!" Gari likaondoka, ua likiwa sikioni.

Ndani ya petali zilizojikunja alikuwamo nyuki.

"Nilihisi kitu kama kijiti cha kiberiti kimezimwa chini ya sikio," anasimulia. "Nikapiga kofi, nyuki akaniangukia mapajani. Nikasema moyoni, aa, nyuki tu. Mimi nimekulia kwa baba mdogo aliyekuwa akirina asali. Nyuki wameniuma tangu sijaota meno ya pili. Nyuki na mimi tulikuwa ndugu."

Akaendelea kuendesha. Kabla ya kufika njia panda, viganja vikaanza kumwasha kana kwamba ameshika upupu. Masikio yakapata moto. Tumbo likamkaza, ulimi ukawa mzito mdomoni kama wa mtu mwingine.

"Barabara ikawa inasogea kama imelala juu ya maji. Nikajua hapa nimebeba watoto wa watu. Sikuwaza kufa, niliwaza breki."

Akawasha taa ya kuashiria, akatoa gari pembeni, akavuta breki ya mkono, akazima injini na kuchomoa ufunguo. Kisha akageuka awaambie watoto wasishuke. Sauti haikutoka.

Waliouona uso ule hawatausahau. Kope zilikuwa zimevimba mpaka macho yamebaki mistari. Mdomo wa chini ulikuwa umening'inia. Shingo nzima ilikuwa na mabaka mekundu yaliyoinuka kama ramani.

Watoto wakacheka.

Ni desturi ya Babu Honi kuwafanyia nyuso za kuchekesha kwenye kioo wakisubiri foleni, akivimbisha mashavu na kuminya macho. Walidhani huu ni mchezo mpya, tena bora kuliko yote. Wakapiga makofi. "Tena, Babu! Tena!"

Aliyeacha kucheka wa kwanza ni binti wa mshonaji, kwa kuwa yeye alikuwa karibu. Alisikia pumzi ya dereva ikilia kama filimbi iliyozibwa. Akasimama juu ya kiti chake.

"Shangazi! Babu hapumui!"

Shangazi, ambaye alikuwa nyuma akimfunga mtoto kamba za viatu, alifika mbele wakati dereva anateleza kati ya kiti na mlango. Ufunguo ulikuwa bado umebanwa kwenye ngumi yake. "Nilimfumbua vidole nikauchukua," anasema. "Vilikuwa baridi, na asubuhi ile kulikuwa na joto."

Watu wakajaa. Mmoja akasema ni kifafa. Mwingine akanusa mdomo wa dereva atafute harufu ya pombe, hakuipata, lakini hakuacha kusema amelewa. Muuza matunda akaja mbio na chupa ya maziwa akitaka anywe kuua sumu. Shangazi akampiga mkono chupa ikamwagika, kwa sababu, anasema, mtu asiyepitisha hewa atapitisha maziwa wapi?

Gari la kusambaza mikate likasimama. Dereva wake na muuza matunda wakambeba, wakamlaza nyuma kati ya kreti. Shangazi hakuweza kwenda. Alikuwa na basi zima la watoto. Wote wakabaki madirishani wakitazama gari linavyoondoka, mlango wa nyuma ukiwa wazi, na viatu vya Babu Honi vikining'inia nje.

"Niliwahesabu mara tatu," anasema Shangazi. "Nimelea watoto miaka mingi, sijawahi kuwahesabu hivyo."

Kwenye zahanati, muuguzi wa zamu alikuwa akifungua dirisha la dawa alipowaona wanaume wawili wakiingia na mtu aliyegeuka rangi ya majivu.

"Niliuliza, amekula nini, ameumwa na nini? Hakuna aliyejua," anakumbuka muuguzi huyo. "Yeye hakuweza kusema, lakini alijitahidi kuinua kidole akagusa chini ya sikio. Nikainama. Mwiba wa nyuki ulikuwa bado umesimama kwenye ngozi."

Dereva wa mikate alitaka kumkalisha kitini. Muuguzi akamfokea. Akamlaza chali sakafuni palepale mlangoni, miguu ikainuliwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, naye akamchoma sindano ya adrenalini pajani juu ya suruali. Akaukwangua ule mwiba kwa ukucha. Kisha akatafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono. Hakuyapata.

"Nilipapasa mara ya pili. Hakuna. Niliwahi kusoma juu ya mzio mkali wa namna hii, lakini sikuwahi kuushika kwa mkono. Kile ni kitu kingine, jamani. Mtu anaondoka ukiwa umemshika."

Akamchoma sindano ya pili. Baada ya muda mfupi, kifua kikainuka kwa nguvu, na kile kifilimbi cha pumzi kikaanza kulegea. Dereva wa mikate, mtu mzima mwenye ndevu, akakaa chini mlangoni akalia.

Babu Honi alilazwa hospitali kubwa, maana madaktari walihofia dalili zingeweza kurudi hata baada ya kutulia. Mkewe, ambaye huuza nguo za mitumba, alipofika wodini alimpita kitandani. Alirudi, akasoma tena namba ya kitanda.

"Nilimtambua kwa miguu," anasema. "Uso haukuwa wa mume wangu. Nikauliza, mmempiga? Daktari akaniambia, hapana mama, amejipiga mwenyewe."

Neno hilo ndilo lililomshtua dereva kuliko maumivu. Aliamini nyuki alimtia sumu kali. Daktari akamweleza kwamba sumu ya nyuki mmoja ni ndogo mno kumwangusha mtu mzima. Kilichomwangusha ni kinga ya mwili wake mwenyewe, ambayo wakati fulani huko nyuma ilimwandika nyuki kuwa adui na kukaa ikimsubiri.

"Mwaka uliotangulia nyuki aliniuma mkononi, mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko na vipele mwili mzima. Nikapaka mafuta, nikasahau," anasema. "Kumbe mwili wangu haukusahau. Kikulacho ki nguoni mwako, sivyo? Changu kilikuwa ndani zaidi ya nguo."

Wakati yeye akipata nafuu, jambo jingine lilikuwa likiota mtaani. Maneno yalianza kuzunguka juu ya lile ua. Nani alimpa mtoto? Kwa nini ampe dereva na si mwalimu? Wateja wawili walifika kwa mshonaji kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, bila kumtazama usoni. Shuleni, watoto wakakataa kukaa na binti yake. Mmoja akamwambia waziwazi, "Usinishike. Mikono yako inaua."

Binti akaacha kupanda basi. Akawa ananawa mikono kila wakati, mpaka ngozi ikachubuka. Halafu jioni moja akamwendea mama yake kwenye cherehani.

"Akaniambia, mama, nishonee mifuko ya mikono," anasimulia mshonaji, na hapa anaacha kwanza kukanyaga cherehani. "Nikamuuliza, ya nini na hakuna baridi? Akasema, ili nisikuue na wewe."

Alishona. Anasema hakujua afanye nini kingine, na mtoto alikuwa hali chakula bila kuvaa kitu mikononi.

Habari hizo zilimfikia Babu Honi siku aliyotoka hospitali. Hakupumzika hata siku moja. Akiwa bado amevimba upande mmoja, alikwenda na mkewe hadi nyumbani kwa mshonaji, akabisha hodi.

Binti alipoona ni nani, alirudi nyuma mpaka ukutani. Alidhani ni mzimu. Mikononi alikuwa na vifuko viwili vya kitambaa cha mashuka, vimefungwa kwa utepe kwenye vifundo.

"Mimi ni mtu mzima, nimeona mengi," anasema dereva. "Lakini kile kitambaa mikononi mwa mtoto kilinivunja kuliko kitanda cha hospitali. Nilikaa chini sakafuni ili tutazamane."

Mazungumzo yaliyofuata yanakumbukwa na wote waliokuwamo chumbani.

"Mjukuu wangu, nani kakwambia umeniua? Mfu anakuja kuomba chai?"

"Ua langu lilikuwa na sumu."

"Ua lako lilikuwa na nyuki. Na nyuki huyohuyo angekuuma wewe, ungelia kidogo, mama akakupuliza, ukaenda kucheza."

"Sasa kwa nini wewe ulivimba?"

Babu Honi anakiri kwamba hapo alikwama. Aliyoelezwa na daktari aliyaelewa nusu, na nusu nyingine haikuwa maneno ya mtoto wa miaka sita. Akamwambia ukweli: "Sijui kulisema vizuri. Nipe muda nikamuulize aliyeniponya, nitakuja kukujibu."

Akatimiza. Alirudi zahanati kwa muuguzi mara kadhaa, akiuliza na kuuliza tena. Muuguzi anacheka akikumbuka. "Alikuwa ananiambia, hapana, hilo neno litawalaza watoto, nipe lingine." Mwishowe wakakubaliana waende wote wawili, na si kwa binti peke yake. Waliomuona akianguka walikuwa basi zima.

Basi likaegeshwa uwanjani mwa shule, milango wazi. Shangazi akawapanga watoto kwenye viti vyao vilevile. Binti wa mshonaji alikuja na mama yake, akakaa kiti cha mbele, mikono ndani ya vifuko, na kiti cha pembeni yake kikabaki kitupu.

Babu Honi akasimama kwenye ngazi. "Mtaani kwenu usiku, mtu akipiga kelele 'Mwizi!', nini hutokea?"

Wakajibu kwa fujo. Watu wanatoka. Wanawasha taa. Wanakuja na fimbo. Baba anatoka na kiatu kimoja.

"Haya. Na kama hakuwa mwizi? Kama alikuwa mgeni tu, amekosea mlango?"

Mmoja akasema, "Atapigwa bure."

"Na wakati wanamkimbiza, wanakanyaga nini?"

"Maua! Kuku! Sufuria!"

Muuguzi akadakia hapo. Mwilini, akawaeleza, mna walinzi wadogo wasioonekana kwa macho. Kazi yao ni kufukuza vijidudu vinavyoleta homa na vidonda, nao wanaifanya usiku na mchana. Lakini kwa baadhi ya watu, walinzi hukosea. Wanakutana na kitu kisicho na vita nao, kama vumbi, manyoya ya paka, karanga, yai, au tone dogo la sumu ya nyuki, wanakiona ni mwizi. Siku ya kwanza huenda usione lolote. Wao wanajifunza sura yake tu na kutengeneza vitambulisho vyake, ambavyo huitwa kingamwili. Vitambulisho hivyo hukaa chini ya ngozi, puani, kwenye mapafu na tumboni, vikisubiri.

"Siku kitu kile kinaporudi," akasema, "vitambulisho vinakitambua, na kelele ya mwizi inapigwa. Seli zinapasua vifuko vyake na kumwaga kemikali kali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayowasha. Hiyo ndiyo inayofanya pua itoe maji na ngozi ivimbe. Mara nyingi kelele ni ndogo, chafya mbili tatu, vipele, basi. Kwa Babu, mwili mzima ulipiga kelele kwa pamoja. Mishipa ya damu ikalegea na kuvuja, njia ya hewa ikabanana. Walinzi waliikanyaga nyumba yao wenyewe."

"Kwa ajili ya nyuki mmoja?" akauliza mtoto wa nyuma, macho yamemtoka.

"Mmoja," akajibu Babu Honi.

"Wajinga!" akasema mtoto, na basi likacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Maswali yakafumuka. Je, mzio unaambukiza? Hapana, hata ukinywea kikombe kimoja naye. Je, mwili wangu nao utanigeuka? Wengi hapana, akasema muuguzi, lakini ukiona wewe au mwenzako midomo inavimba, pumzi inalia, au anapata kizunguzungu baada ya kula kitu au kuumwa na mdudu, usingoje na usicheke, mwite mkubwa hapohapo. Ile dawa ya sindano inafanya nini? Inakaza mishipa, inafungua njia ya hewa, inawaambia walinzi warudi ndani wakalale.

Kisha binti wa mshonaji akainua mkono, kifuko na yote.

"Kwa hiyo walinzi wa Babu ndio waliokosea?"

"Ndio, mjukuu wangu. Wangu mimi. Wamo humu." Akajipiga kifua.

"Na mikono yangu?"

Babu Honi akashuka ngazi moja, akamnyooshea shavu, upande uleule ulioumwa. Mshonaji anasema yeye mwenyewe aliziba mdomo kwa kanga. Binti akatumia meno kufungua utepe, akatoa mkono mmoja, akaugusa uso wa dereva kwa ncha za vidole, haraka, kama anayepima pasi. Akasubiri. Akagusa tena, safari hii kiganja kizima.

"Hajavimba," akawaambia wenzake.

Yule mtoto aliyemwambia mikono yake inaua alitoka kwenye kiti chake bila kuitwa, akaja kukaa pembeni yake.

Si kila kitu kilinyooka. Wazazi kadhaa waliwahamisha watoto wao kwenye basi jingine, na bado hawajarudi. Uongozi wa shule ulimzuia Babu Honi kuendesha kwa muhula mzima mpaka daktari aliporidhika, na sharti ni kwamba dawa iwemo garini kila safari, pamoja na Shangazi, ambaye amefundishwa kuichoma. Mkewe alibeba nyumba kwa biashara ya mitumba wakati huo. Babu Honi anasema hawalaumu wazazi. "Ningekuwa mimi, ningemhamisha wangu mapema zaidi."

Kinachomkosesha usingizi sasa ni kitu kingine. Mwezi ujao anaanza matibabu katika hospitali kubwa, ambayo yatachukua miaka kadhaa. Mkewe alipoelezwa ni matibabu gani, aliangusha kikapu cha nguo.

"Wanataka kumchoma sumu ya nyuki," anasema, na mpaka leo anaitamka kwa mshangao. "Ileile! Nikamwambia daktari, huyu nimeshamvalia kanga za msiba nusu, unanirudisha wapi?"

Daktari alimweleza kwamba wataanza na chembe ndogo sana, chini ya uangalizi, na kuongeza taratibu, mpaka walinzi wa mwili wamzoee nyuki na kuacha kumpigia kelele. Watu wengi hufanikiwa. Hakuna aliyemwahidi kwamba ni lazima.

Watoto walipopewa habari hiyo ndani ya basi, walimtazama midomo wazi. Hatimaye binti wa mshonaji akauliza kwa niaba ya wote, "Babu, huogopi?"

"Naogopa sana," akamjibu, akikunja kona kuingia getini. "Lakini mwili wangu ulijifunza kumwogopa nyuki wakati mimi sijui. Sasa nataka ujifunze kumzoea nikiwa macho, nauangalia."